Daftari la Siku za Nuksi

Kwa mara ya tatu tangu Jumanne iliyopita, Kokuhirwa alifungua mzigo alioufunga kwa mikono yake mwenyewe.

Alianza na kamba ya mgomba. Aliifungua taratibu asiikate, maana aliona ataihitaji tena. Akatoa chungu kikubwa, akatoa kidogo, akatoa mwiko, akatoa blanketi la mtoto. Kila kitu alikirudisha pale pale kilipokuwa. Nje barabarani lori la Muleba lilipiga honi mara mbili, likangoja kidogo, likapiga ya tatu kwa hasira, kisha likaondoka.

"Limeondoka," alisema.

"Nimesikia," alijibu mumewe, Buberwa, bila kuinua macho. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha, daftari magotini, kidole kikitembea juu ya mistari. "Afadhali limeondoka, Mama Celina. Leo ni Jumanne. Jumanne ina Mirihi."

"Ina nini?"

"Mirihi. Nyota nyekundu, ya damu na moto na ugomvi. Mtu hahamii nyumba mpya siku ya Mirihi."

"Na jana ulipokubali tufunge mzigo, hukujua kwamba leo ni Jumanne?"

Buberwa alilifikiri swali hilo kwa haki kabisa, kama mtu aliyeulizwa na hakimu. "Nilijua ni Jumanne," alisema. "Nilisahau Mirihi."

Kokuhirwa alikuwa mwanamke wa kunyamaza na kutazama, na watu wengi pale Kibeta walidhani kunyamaza kwake ni upole. Sehemu ilikuwa upole. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba akianza kusema hakujua atakomea wapi.

Jumanne ya kwanza walikwama kwa sababu Buberwa alihesabu upya asubuhi, akakuta mwezi una siku tatu, na siku ya tatu ni ya nuksi. Jumamosi walikwama kwa sababu alijikwaa kizingitini kwa mguu wa kushoto, tena akiwa amebeba godoro, akaliweka chini na kulikalia mpaka lori likapita. Na sasa Mirihi. Lori lenyewe lilikuwa halipiti ila Jumanne na Jumamosi.

Wifi yake Alistidia alichungulia mlangoni, mikono imejaa maganda ya ndizi. Alistidia alikuwa dada mkubwa wa Buberwa, aliyerudi kwao baada ya kufiwa na mume, na tangu arudi jiko la nyumba ile lilikuwa lake, na mafiga yake, na kuni zake, na chumvi yake.

"Wifi!" alitania kwa furaha. "Mmerudi salama? Huko Buganguzi wanasemaje? Kahawa imezaa?"

"Imezaa, wifi."

"Na mjomba hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Alistidia alicheka mpaka maganda yakamponyoka. Kokuhirwa akainama kumsaidia kuyaokota, kwa sababu hata maganda pale ndani yalikuwa ya wifi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake, na hakuificha moyoni mwake. Miaka mitano alikuwa amepika kwenye moto wa mtu mwingine. Akitaka kumchemshia mwanawe maziwa alingoja wifi amalize. Akiweka chumvi, wifi alionja. Nyumba na kibanja cha Kibeta vilirithiwa na kaka mkubwa, na Buberwa na mkewe walikaa pale kwa hisani tu. Halafu wakati wa kiangazi mjomba wa Buberwa, mzee Ndyamukama wa Buganguzi, aliwapa kibanja: migomba, kahawa safu kumi na mbili, na nyumba iliyoachwa na ndugu aliyefariki bila mtoto. Nyumba ilikuwa imesimama, ilihitaji tu mtu wa kuwasha moto.

Lakini mzee Ndyamukama hakuwa na subira ya miaka mitano. Mwinjilisti Gamaliel alipopita Kibeta wiki ile alileta neno lake jinsi lilivyotamkwa: "Mwambie mpwa wangu hivi. Jumapili ya kwanza ya Majilio, nikitoka kanisani nitapita pale. Nikiona moshi, kibanja ni chake. Nisipouona, nampa Datius. Datius anakuja kila siku kuuliza, na jembe begani."

Jumapili hiyo ilikuwa siku tano mbele. Kati yake na leo lilikuwa limebaki lori moja tu, la Jumamosi.

*

Mtu asidhani Buberwa alikuwa mjinga au mvivu. Mjini Bukoba watu walimjua kama dobi wa kuaminika. Alipiga pasi ya mkaa kwenye baraza la fundi cherehani Saburi, na mwaka ule, Waingereza walipokuwa wakisherehekea Malkia wao mpya, ni Buberwa aliyenyoosha kaptula za makarani wote wa Boma, na mikunjo yake ilikata kama wembe. Alikuwa na mikono mizuri na roho nzuri. Alichokosa ni kitu kimoja: alikuwa haamini tena siku aliyoichagua yeye mwenyewe.

Miaka minne nyuma alipata kazi kwa mfanyabiashara wa Kamachumu. Baba yake alikuwa anakohoa kidogo, kikohozi cha kawaida cha mvua. Buberwa alisema, "Naondoka Alhamisi," akaondoka Alhamisi. Jumamosi baba yake akafariki. Habari zilimfikia Kamachumu Jumatatu, na alipofika Kibeta alikuta udongo wa kaburi umeanza kukauka.

"Niliichagua mwenyewe Alhamisi ile," alikuwa akisema. "Hakuna aliyenilazimisha."

Miezi mingi baada ya hapo alikaa ndani. Kokuhirwa, wakati huo bibi harusi wa mwaka mmoja, alimwona akisimama mbele ya mashati mawili asijue avae lipi, kisha akarudi kulala. Aliyemtoa kitandani alikuwa fundi Saburi. Fundi alikuwa Mwislamu, mtu wa Ujiji, mwenye kitabu cha falaki cha herufi za Kiarabu alichokifungia kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo. Siku moja alimwandikia Buberwa kwenye karatasi siku saba za mwezi ambazo si njema kuanza jambo: ya tatu, ya tano, ya kumi na tatu, ya kumi na sita, ya ishirini na moja, ya ishirini na nne na ya ishirini na tano. "Siku nyingine zote," fundi alimwambia, "fanya kazi."

Na Buberwa alifanya kazi. Kwa hiyo Kokuhirwa hakulichukia daftari. Aliliheshimu jinsi mtu anavyoiheshimu fimbo iliyomsimamisha mgonjwa. Lakini fimbo hii ilikuwa imeota matawi. Kila mteja aliyeketi barazani na kutaja mkosi wowote, Buberwa aliuandika. Mirihi aliipata kwa mpishi wa Mhindi. Mguu wa kushoto aliupata kwa mvuvi wa Kemondo. Chafya moja, chafya mbili, paka, bundi, mtu mwenye ndoo tupu: vyote viliingia. Karatasi ya siku saba ilikuwa imezaa kurasa arobaini.

Kokuhirwa mwenyewe hakuwa na daftari. Alikuwa na tumbo lake tu. Tangu utoto kuna mambo aliyajua kabla hayajasemwa, si kwa uchawi, ni kwa kutazama: alijua mgeni atalala au ataondoka, alijua ng'ombe atakayekataa kukamuliwa. Na walipokwenda Buganguzi kiangazi kutazama kibanja, alisimama uani, mtoto mgongoni, na kitu kilichokuwa kimejikaza ndani yake kwa miaka mitano kilifunguka, kimya kimya. Celina, mtoto asiyelala mchana, alilala. Kokuhirwa aliitazama ile nyumba tupu yenye nyasi zilizooza sakafuni akasema moyoni, hapa.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Mumewe alikuwa na nyota na namba, yeye alikuwa na tumbo.

*

Jumatano alijitwika mkungu wa ndizi akaenda mjini. Buberwa hakuweza kwenda. Alikuwa ameshawaaga wateja wake mara tatu, na mara ya pili walimchangia sabuni.

Fundi Saburi alimwona kwa mbali akavua miwani.

"Usiniambie."

"Bado tuko, fundi."

"Subhanallah! Mara ya kwanza nilimwombea dua. Mara ya pili nikampa kitambaa cha gauni la mtoto. Sasa hivi sina kitu cha kumpa yule mtu ila cherehani."

Kokuhirwa alitua mkungu, akaketi ukingoni mwa baraza. "Fundi, nimekuja kuuliza jambo moja. Hiyo karatasi uliyomwandikia, mwisho wake uko wapi?"

"Mwisho? Siku saba! Mwanangu, nilimwandikia zile siku ili azitoe njiani, apate ishirini na mbili za kutembea. Yeye kaenda kufuga nuksi kama mtu anafuga kuku. Mirihi! Nani alimwambia Mirihi?"

"Mpishi wa Mhindi."

"Mpishi wa Mhindi apike."

Kokuhirwa alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akauliza kilichomleta. "Jumamosi hii je? Ni njema? Kwake imeangukia ya kumi na nne, na kumi na nne haimo kwenye saba."

Fundi alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Akahesabu tena. "Jumamosi ni ya kumi na tatu," alisema.

"Baba Celina anasema kumi na nne."

"Anaanzia wapi?"

"Jumapili ile ya kabla ya hii iliyopita. Jioni yake tuliuona mwezi mpya, sote, juu ya mikaratusi. Basi Jumapili ni siku ya kwanza."

Fundi Saburi aliweka mkasi chini. "Mliuona jua limezama au halijazama?"

"Limezama, waitu fundi. Mwezi mwandamo unaonekanaje jua likiwapo?"

"Basi Jumapili ilikuwa imekwisha! Jua likizama siku imekwisha, usiku ule ni wa Jumatatu. Jumatatu ndiyo mosi. Kila mtu anajua."

"Kila mtu wa kwenu," alisema Kokuhirwa polepole. "Kwetu siku inaanza jogoo akiwika. Usiku unaifuata siku yake."

Walitazamana. Kijana mmoja alikuja kuuliza suruali yake. Fundi alimfukuza kwa mkono bila kumtazama.

"Miaka mitatu?" aliuliza fundi.

"Mitatu na nusu."

"Anatangulia siku moja. Kila mwezi." Fundi alijishika kichwa. "Anajifungia ndani ya pili, ambayo haina neno, halafu ya tatu anatoka kifua mbele!"

Kokuhirwa alikuwa anakumbuka, na kumbukumbu zake zilikuwa nzuri, kwa sababu ni yeye aliyekuwa akingoja kila moja ya siku hizo ifike. Siku aliyorudi Buberwa kwenye pasi baada ya msiba aliichagua mwenyewe, ya nne ya mwezi. Ubatizo wa Celina: alimkatalia mchungaji Jumapili mbili, akakubali ya tatu, ya kumi na saba ya mwezi, na mchungaji alibatiza akiwa amenuna. Safari ya kwenda kumsalimu mjomba, ile iliyowapatia kibanja: ya sita.

"Fundi, toa moja kwenye nne."

"Tatu. Nuksi."

"Kwenye kumi na saba."

"Kumi na sita. Nuksi."

"Kwenye sita."

Fundi alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, huku akitikisa kichwa kama mtu aliyeumia.

"Mwambie mumeo," alisema alipopata pumzi. Kisha akacheka kidogo tu, halafu hakucheka. "Hapana. Ukimwambia leo, Jumamosi ni ya kumi na tatu."

"Ndiyo."

"Hatapanda lori."

"Hatapanda. Na Jumapili mjomba anapita."

Fundi alifungua droo, akakitazama kitabu chake kati ya vifungo, asikitoe. "Mimi kitabu hiki ndicho kilichonitoa Ujiji," alisema. "Baba yangu alikifungua, akaniambia, wewe nyota yako ni ya safari, nenda. Nikaja mpaka huku kwenye baridi na ndizi. Sijawahi kukitumia kukaa."

"Na kama kingekwambia ukae?"

Fundi alifikiri. "Ningekuja hivyo hivyo," alisema. "Ila ningechelewa."

*

Alhamisi na Ijumaa zilikuwa siku ndefu. Kokuhirwa alimenya ndizi, akateka maji, akangoja zamu yake ya moto. Lile neno lilikaa ndani yake kama kaa la moto lililofunikwa majivu.

Akisema, alijua kitakachotokea mpaka neno la mwisho. Buberwa angeshukuru. Angeshukuru kweli, angefungua ukurasa mpya na kupiga mistari kwa rula, aanze kuhesabu kwa usahihi. Na Jumamosi lori lingepiga honi mara tatu. Asiposema, wangekwenda, na chochote kitakachotokea njiani, gurudumu likipasuka, mtoto akishikwa na homa, kingekuwa juu yake yeye peke yake. Je, hakuogopa hiyo kumi na tatu? Aliogopa kidogo. Hata kama mtu ni Mlutheri na anajua Zaburi, akiambiwa siku ina nuksi, mgongo unamwasha.

Akajiuliza kama alivyojiuliza kule uani Buganguzi. Alisimama nyuma ya nyumba, kati ya migomba ya shemeji yake, akafumba macho, akaliwaza lori, barabara, nyumba tupu. Alingoja tumbo lijikaze. Halikujikaza. Akaiwaza Jumapili ya hapa, wifi akionja chumvi, Datius kule akiweka jembe lake ukutani. Hapo likajikaza mpaka akashika mgomba.

Basi, alijisemea. Na wewe umengoja vya kutosha, Kokuhirwa. Mumeo anangojea nyota, wewe unamngojea mumeo. Tofauti yenu iko wapi?

Hilo lilimkera kuliko Mirihi.

Ijumaa jioni Buberwa alifunga daftari akatabasamu. "Kesho kumi na nne. Safi kabisa. Nimepekua kurasa zote, sioni kitu."

"Niulize chochote," alisema Kokuhirwa. Alikuwa amejiapiza kwamba akiulizwa hatadanganya.

"Nikuulize nini?"

"Sijui. Chochote."

"Kamba ipo?"

"Kamba ipo."

Akafunga mzigo mara ya nne. Asubuhi, kabla ya honi, alisimama kizingitini na kumwangalia mumewe mguuni mpaka mguu wa kulia ulipotangulia nje. Alistidia aliwafuata hadi barabarani. Hakutania. Alimsukumia Kokuhirwa kijungu kidogo kilichofungwa kwa jani, kizito kwa chumvi.

"Chumvi ya huko sijui ikoje," alisema, akitazama pembeni. "Na usiizidishe kama unavyoizidisha hapa."

*

Lori halikupasuka gurudumu. Celina hakushikwa na homa. Alitapika mara moja kwenye kona za Kamachumu, kama anavyotapika mtoto yeyote kwenye kona za Kamachumu. Buberwa alikaa juu ya magunia akiimba sauti ya besi ya nyimbo za kanisani, na kila walipovuka daraja salama alimgeukia mkewe: "Unaona? Kumi na nne!" Mara ya kwanza Kokuhirwa alitabasamu. Mara ya tano alitazama milima.

Walishuka alasiri, wakatembea na mizigo yao mpaka Buganguzi. Mzee Ndyamukama alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, na kando yake amesimama Datius, mpwa wa mke wake, kijana mrefu mwenye jembe. Kokuhirwa na Buberwa walipiga magoti kusalimu. Mzee aliwapa akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna, akawaangalia wakitafuna.

"Nilidhani mmekufa," alisema.

"Tulikuwa tunatafuta siku njema, mjomba."

"Siku njema!" Mzee aliangalia juu kama anayemwomba Mungu shahidi. "Datius, umesikia? Wewe ulikuwa unatafuta jembe tu."

Kisha akaingia jikoni kwake, akatoka na makaa kwenye kigae. Kwa desturi ya ukoo ule moto wa nyumba mpya hutoka kwenye jiko la aliyekupa kibanja, na huombwa mara moja. Ukizima kabla haujawaka, mwenye kutoa anajua mpokeaji hakuwa tayari. Kokuhirwa alikipokea kigae kwa mikono miwili, kikiwa juu ya majani mabichi, akaenda mbele. Buberwa alifuata na mtoto, na nyuma yao mzee, na nyuma ya mzee Datius, ambaye hakuwa ameambiwa aje.

Ndani ya nyumba palinuka nyasi kuukuu. Mafiga matatu yalikuwapo bado. Kokuhirwa alipanga vijiti, akaweka majani makavu ya migomba, akaweka makaa, akainama kupuliza. Majani yalikuwa na unyevu wa mvua. Yalitoa moshi mwembamba, yakanyamaza. Akapuliza tena. Kaa moja likawa jeusi.

Kivuli cha mjomba kilisimama mlangoni.

"Usiogope, Mama Celina," alisema Buberwa, akichuchumaa kando yake. Sauti yake ilikuwa imetulia, ya mtu aliyelipia. "Hautazimika. Leo ni kumi na nne."

Na hapo Kokuhirwa alichoka. Hakukasirika, alichoka tu, kama mtu aliyebeba maji mpaka mlangoni akakuta mlango umefungwa. Aliona kwamba moto huu ukiwaka, utakuwa umewashwa na namba. Na kesho atamngojea tena mumewe apate namba nyingine, na keshokutwa, kwenye jiko lake mwenyewe.

"Leo ni kumi na tatu," alisema.

"Kumi na nne."

"Kumi na tatu. Nilimwuliza fundi Saburi Jumatano. Kwao siku inaanza jua likizama, wewe unaianza na jogoo. Unatangulia siku moja. Umetangulia tangu mwanzo."

Buberwa alibaki ameachama. Kisha vidole vyake vikaanza kuhesabu vyenyewe.

"Siku uliyorudi kwenye pasi ilikuwa ya tatu," aliendelea Kokuhirwa, haraka, maana alikuwa ameanza kusema na hakujua atakomea wapi. "Ubatizo wa Celina, ya kumi na sita. Safari ya kuja kwa mjomba, ya tano. Zote nuksi, Baba Celina. Zote ulizichagua ukijua ni safi, na hazikuwa, na hakuna lililokupata ila kazi na mtoto aliyebatizwa na kibanja."

"Ulijua," alisema Buberwa. "Ukanipandisha lori."

"Nilijua. Nikakupandisha."

Kaa la pili likawa jeusi. Yakabaki matatu.

Buberwa aligeuza kichwa, akatazama nje kupitia mlangoni, kando ya mjomba. Jua lilikuwa juu kidogo ya mlima, upana wa vidole viwili, na Kokuhirwa alijua mara moja anachokiwaza, akataka kulia. Kwa hesabu ya fundi, jua likizama tu, kumi na tatu imekwisha. Usiku unaoingia ni wa kumi na nne. Kungoja kidogo tu.

"Likizama..." alianza Buberwa.

"Likizama makaa yamekufa."

"Kidogo tu, Mama Celina."

Kokuhirwa alijivuta nyuma na kukaa juu ya visigino vyake, mikono mapajani, akaacha nafasi mbele ya mafiga. Alikuwa amefanya yote yake. Angeweza kupuliza mwenyewe, mapafu alikuwa nayo. Lakini moto huu usipokuwa wa mumewe pia, basi ni heri Datius aje na jembe lake.

Celina, begani kwa baba yake, aliuliza moto umekwenda wapi.

"Basi niliyafanya mwenyewe," alisema Buberwa taratibu. Hakuwa akisema na mtu. "Pasi, na ubatizo, na hiki kibanja. Hakuna siku iliyonisaidia."

"Hakuna."

"Na ile Alhamisi ya Kamachumu?"

Kokuhirwa alikuwa amelisubiri swali hilo miaka minne. "Ilikuwa Alhamisi tu," alisema. "Baba alikuwa mgonjwa."

Buberwa alimshusha mtoto. Akachomoa daftari kifuani kwenye shati, Kokuhirwa akadhani atalitia motoni, na kusema kweli lingewaka vizuri. Lakini aliliweka chini, akapiga goti juu yake asichafue suruali, maana alikuwa dobi. Akainama mpaka shavu likagusa jivu, akapuliza. Jua lilikuwa bado liko juu ya mlima. Akapuliza tena, pumzi ndefu ya mtu aliyezoea kuamsha pasi ya mkaa kila asubuhi. Jani likajikunja, likawa jekundu ukingoni, likashika.

Moshi ulijaa nyumba, ukatafuta njia kwenye nyasi za paa, ukatoka. Nje walimsikia mzee Ndyamukama akikohoa, kisha akisema, "Haya, Datius, nenda ukalime kwenu," na nyayo zikienda.

Buberwa aliinuka, macho yakitiririka machozi ya moshi, jivu shavuni. Alimtazama mkewe muda mrefu kidogo.

"Kwa hiyo kesho," alisema, "kwa kuanza kupalilia kahawa, kesho tuseme ni ya ngapi? Maana kama usiku huu ni..."

"Buberwa."

Tangu waoane hakuwa amemwita kwa jina lake.

"Naam."

"Lete kuni."

Akaenda kuleta.